Ukifika Hamburg, ingia uani mwa Jumba la Jiji

Wageni wengi hulipigia picha Jumba la Jiji la Hamburg kwa mbele. Wanasimama kwenye uwanja wa Rathausmarkt, wanarudi nyuma hatua kadhaa ili mnara wa mita 112 uingie wote kwenye picha, halafu wanaenda zao kula. Ukipata nafasi ya kufika, nakuomba upite langoni, uvuke ukumbi wa chini, utokee uani. Pale katikati kuna chemchemi yenye sanamu ya mwanamke wa shaba. Anaitwa Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki wa kale. Mkononi ana bakuli la maji na miguuni pake kuna joka. Joka lile ni kipindupindu.

Nimeandika habari hii kwa sababu ya joka hilo.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa afya ya mazingira, Dar es Salaam. Wananchi wanatuita mabwana afya na mabibi afya, na wengi wanatukumbuka kwa kukagua vyoo na kufunga vibanda vya mama lishe. Nimepita Manzese, Tandale, Buguruni na Vingunguti wakati wa masika, maji yanapojaa na watu wanapoanza kutapisha vyoo usiku ili mvua ibebe uchafu. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza Dar mwezi Agosti na baadaye kusambaa karibu nchi nzima, nilikuwa kazini. Kwa hiyo binti wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi huko Hamburg, aliponiambia, "Shangazi, mji huu nao uliwahi kuuawa na kipindupindu, na wamekijengea sanamu ndani ya Jumba la Jiji," sikuhitaji kubembelezwa.

Nianze na jengo lenyewe, maana bila historia yake huwezi kuelewa kwa nini chemchemi ile iko pale.

Jumba la sasa si la kale kama linavyotaka lionekane. La zamani lilikuwa sehemu nyingine ya mji. Tarehe 5 Mei 1842 moto uliwaka katika mtaa wa Deichstrasse, ukaendelea hadi tarehe 8. Watu 51 walikufa, na kama 20,000 wakabaki bila nyumba. Jumba la Jiji la wakati huo lililipuliwa kwa baruti kwa matumaini ya kuukata moto njia. Baada ya hapo Hamburg, mji tajiri wa wafanyabiashara wenye meli kila bahari, ulikaa zaidi ya nusu karne bila jumba lake. Serikali ilihamia kwenye jengo lililokuwa la kulelea yatima. Ujenzi mpya ulianza 1886 chini ya kundi la wasanifu majengo saba walioongozwa na Martin Haller, na jumba likafunguliwa Oktoba 1897. Kwa kuwa ardhi ile ni tope la kingo za mto, limesimama juu ya nguzo za mwaloni kama 4,000 zilizopigiliwa chini. Lina vyumba 647.

Hesabu hiyo ya vyumba waongozaji wageni wanaipenda sana. Mimi kilichonishika kwenye matembezi ya ndani ni chumba kimoja kidogo wanachokiita chumba cha yatima. Kuta na milango yake imejaa nakshi za mbao, majani na maua yaliyochongwa kwa subira, na waliozichonga ni watoto yatima 80, kazi iliyochukua miaka mitano. Nilisogea hadi mwongozaji akanitazama. Mimi ni mtu wa Pwani, nimekua nikiona milango ya nakshi, najua mkono wa fundi mzoefu na mkono wa anayejifunza. Mle ndani unaiona mikono yote miwili. Kuna jani limekatwa kwa uhakika, na jirani yake kuna jani ambalo patasi imerudiwa mara mbilitatu kwenye ukingo. Waongozaji hutaja chumba hiki kwa haraka kabla ya kwenda kwenye kumbi kubwa. Laiti wangekaa zaidi. Serikali ilikuwa imekaa miaka yote ile ndani ya nyumba ya yatima, kisha yatima wakaja kuipambia nyumba mpya.

Kumbi kubwa nitazipitia haraka. Kuna ukumbi wa sherehe wenye urefu wa mita 46 na michoro mikubwa ya Hugo Vogel ukutani. Kuna Ukumbi wa Kaiser, uliopewa jina hilo baada ya Kaiser Wilhelm wa Pili kufika mwaka 1895, na dari yake inasifu meli za biashara za Wajerumani. Kuna ngazi ambayo meya husubiri juu yake, mgeni apande mwenyewe hata akiwa mfalme, kwa kuwa watu wa Hamburg wanajivunia kutomnyenyekea mtu. Juu ya lango kuu kuna maneno ya Kilatini yanayowataka wa kizazi kijacho wautunze kwa heshima uhuru ambao wazee wao waliupata. Nyuma ya jumba, likitazamana nalo uani, liko Soko la Hisa. Serikali na biashara zinatazamana mlango kwa mlango, na ua wa chemchemi uko katikati.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili, majina ya nyumba hii si mageni kabisa. William Henry O'Swald, kijana wa kampuni ya Hamburg iliyokuwa na ofisi Unguja, alishiriki mwaka 1859 kufanikisha mkataba wa biashara kati ya miji ya Hanse (yaani Hamburg na miji wenzake wa biashara wa Ujerumani ya kaskazini) na Sultani Majid. Kampuni yake ilichota makombe ya kauri kwenye pwani yetu na kwenda kuziuza Afrika Magharibi, kulikokuwa zikitumika kama fedha. Kijana huyo baadaye akawa seneta, na mwaka 1908 akawa Meya wa Pili wa Hamburg, yaani naibu wa meya mkuu. Haller naye, baada ya kumaliza jumba hili, alijenga jengo liitwalo Afrikahaus kwa ajili ya kampuni ya meli ya Woermann, mwaka 1899, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Mlangoni kuna sanamu ya shujaa wa Kiafrika, na uani wamewekwa tembo. Nenda ukaone, ila nenda ukijua kwamba meli za kampuni zile zilibeba bidhaa na zikabeba pia askari waliokuja kututawala.

Sasa turudi kwenye maji.

Baada ya ule moto, mhandisi Mwingereza William Lindley aliijengea Hamburg mabomba ya maji na mifereji ya majitaka ambayo kwa wakati wake ilikuwa ya mfano katika bara la Ulaya. Maji yalivutwa kutoka mto Elbe, sehemu iitwayo Rothenburgsort, juu kidogo ya mji. Kilichokosekana ni chujio. Lindley alishauri wajenge machujio ya mchanga, na mji ukawa unaahirisha. Gharama zikabishaniwa, mikutano ikafanyika, miaka ikapita. Wenye nyumba hawakutaka kodi ipande. Na waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa wachache, kwa kuwa uraia kamili wa mji ulitaka ada na kipato. Wapangaji wa vichochoro vya Gängeviertel, walioyanywa maji yale bila kuyachemsha, hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Ndani ya mabomba waliishi samaki aina ya mkunga na wadudu wa kila namna, na wataalamu wa viumbe walikuwa wamekwisha kuandika habari zao miaka kadhaa kabla ya mlipuko.

Jambo jingine, ambalo mtu yeyote wa Dar atalielewa mara moja: mto Elbe hujaa na kupwa. Bahari iko mbali, kama kilomita mia moja, lakini maji yakijaa yanausukuma mto urudi nyuma. Majitaka yaliyomwagwa chini ya mji yalikuwa yakipanda hadi yanapochotewa maji ya kunywa. Nimesimama mara nyingi karibu na daraja la Jangwani nikiangalia Msimbazi unavyofanya hivyo hivyo.

Agosti 1892 ilikuwa ya joto na mto ulikuwa umepungua. Wagonjwa wa kwanza walionekana katikati ya mwezi. Wakubwa wa mji walisita kutangaza, kwa kuwa tangazo la kipindupindu maana yake ni karantini, na karantini maana yake ni meli kusimama. Siku zikaenda, na watu wakaendelea kufungua bomba. Serikali ya Berlin ikamtuma Robert Koch, yule aliyekuwa amekitambua kijidudu cha ugonjwa huu karibu miaka kumi nyuma. Alipozungushwa kwenye vichochoro alisema, maneno ambayo Hamburg haijayasahau hadi leo, kwamba anasahau kama yuko Ulaya. (Koch huyohuyo mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa dawa ya atoxyl, na baadhi ya wagonjwa aliowatibu wakapofuka. Maneno yake kuhusu Hamburg nayasoma nikiyakumbuka macho ya wale watu.)

Hadi ugonjwa unaisha watu karibu 17,000 walikuwa wameugua na 8,605 wamekufa. Mji jirani wa Altona, ambao siku hizo ulikuwa chini ya Prussia, dola nyingine ya Wajerumani, na leo ni mtaa wa Hamburg, ulichota maji kwenye Elbe hiyohiyo, tena chini ya mji, mahali pachafu zaidi. Lakini Altona walikuwa na machujio ya mchanga. Kwenye mpaka kulikuwa na mtaa ambao upande mmoja ulipata maji ya Hamburg na upande mwingine ya Altona. Hewa moja, udongo mmoja, watu wa hali moja. Upande wa Hamburg walikufa, upande wa Altona wakapona. Nilipokuwa nafundisha wahudumu wa afya wa mitaa nilikuwa nikitafuta mfano mmoja wa kuwaonyesha kwamba kipindupindu kinapita kwenye maji. Ningekuwa naujua mtaa ule ningewachorea kila siku.

Haya yote yalitokea jumba likiwa linajengwa. Mafundi walikuwa juu ya majukwaa wakiinua kuta, huku chini magari ya farasi yakigawa maji yaliyochemshwa na kubeba maiti kwenda makaburi ya Ohlsdorf. Ndiyo maana chemchemi, iliyochongwa na Joseph von Kramer na kuwekwa pale 1896, ilikuja kumbeba Hygieia.

Niliizunguka taratibu. Hygieia amesimama juu, ametulia, wala hana sura ya mtu aliyeshinda vita. Anamwaga maji kutoka kwenye bakuli, maji yanapita miguuni kwake alipo joka, yanateremka. Chini yake, kandokando, kuna sanamu nyingine zinazowakilisha nguvu na faida za maji. Niliweka mkono kwenye maji. Kulikuwa na wafanyakazi wa ofisini wanakula mkate kwenye ngazi, na watoto wawili wanamwagiana maji.

Binti wa kaka akaniambia kitu ambacho mwongozaji alikuwa amekieleza kwa Kijerumani: chemchemi ile iliwekwa pia kwa kazi. Ilipoza hewa iliyovutwa ndani kwa ajili ya kumbi. Kwa hiyo maseneta na wabunge wa mji walipokaa wakijadiliana fedha, hewa waliyoivuta ilikuwa imepita kwanza kwenye ukumbusho wa wale watu 8,605. Sidhani kama walipanga iwe na maana hiyo. Mimi naona ina maana hiyo.

Tulikaa pale hadi shingo ikaniuma. Nikamwambia, "Mwanangu, sisi wetu tumewaweka wapi?" Akanyamaza. Nilikuwa nawafikiria watu niliowaona kambini mwaka ule, vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, ndoo mbili kwa kila mgonjwa, harufu ya klorini inayokaa puani hata ukioga. Nilikuwa nafikiria baba mmoja aliyemleta mkewe kwa bajaji, akabaki ameshika viatu vyake siku nzima. Familia zao zinakumbuka. Mji haujawaweka popote. Na nakumbuka pia vikao ambavyo tulisubiri ruhusa ya kutangaza huku kila mmoja wetu anajua kinachowaua watu. Ofisi iliyotusubirisha siitaji, waliokuwepo wanajua. Nilichokisoma kuhusu Agosti 1892 nilikuwa nimekwisha kukiishi.

Lakini sipendi kuipamba Hamburg kupita kiasi. Sanamu nzuri ya mungu wa Wagiriki haisemi nani alichelewesha chujio. Mtu anayepita bila kuambiwa ataona mwanamke, joka na maji ya kupendeza. Ningependa pale kandoni paandikwe, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba maji yalijulikana kuwa machafu, kwamba ushauri wa kuyachuja ulikuwa mezani, na kwamba mji jirani uliokuwa na mchanga uliokoka. Pamoja na hayo, kuiweka ndani ya nyumba ya serikali ni jambo kubwa. Wangeweza kuipeleka makaburini. Wameiweka mahali ambapo kila anayekwenda Baraza la Mji anaweza kupita mbele yake. Nilifurahi pia kuambiwa kwamba meya wa sasa, Peter Tschentscher, ni daktari wa maabara. Mtu aliyewahi kuangalia vijidudu kwenye darubini akikaa kwenye kiti kile, mimi najisikia vizuri.

Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010. Watu wa Kinondoni wanajua mtambo wa mboji wa Mabwepande, ambao ni tunda la udugu huo. Takataka za sokoni zinageuzwa mbolea badala ya kuziba mitaro. Hilo ni jema, na lina uhusiano na kipindupindu kuliko watu wanavyodhani, maana mtaro ukiziba choo kinafurika. Ningeomba udugu huu uzae kitu kingine. Tujengewe, au tujijengee, bomba la maji safi la wazi kwa wote, mahali ambapo madiwani wetu wanapita, lenye ukumbusho wa waliokufa kwa maji ya mji wetu. Maji yatoke kweli, yawe yamepimwa, na mtu ayanywe bila hofu. Sanamu tukikosa fedha zake tuache, bomba lenyewe linatosha.

Kabla sijaondoka Hamburg nilitaka kuona mchanga wenyewe. Binti wa kaka alishangaa, alikuwa amepanga tupande mashua ziwa Alster. Tukaenda Kaltehofe, kisiwa kwenye Elbe ambako machujio yaliharakishwa baada ya msiba na kuanza kazi mwaka 1893. Leo pana makumbusho ya maji, na mabwawa ya zamani bado yapo, mstatili baada ya mstatili, na vijumba vidogo vya matofali vya wasimamizi.

Pale ndipo niliporudi kuwa mwanafunzi. Chujio la mchanga linafanya kazi polepole, na upole wake ndio siri yake. Maji yanasimama juu ya tabaka nene la mchanga, yanazama yenyewe kidogo kidogo. Baada ya siku kadhaa uso wa mchanga unaota utando laini wa viumbe wadogo, na utando huo ndio unaokamata vijidudu na kuvila. Ukizidi unene, maji hayapiti. Hapo wafanyakazi wanalikausha bwawa, wanakwangua mchanga wa juu kwa koleo, wanauosha na kuurudisha, na utando unaanza upya. Kazi ya koleo. Hakuna kitu pale ambacho kijiji cha Rufiji au mtaa wa Mbagala hakiwezi kukijenga kikiwa na mchanga safi, saruji, na mtu wa kukisimamia kila siku. Na huyo wa kukisimamia kila siku ndiye ninayemtafuta katika miradi yetu mingi, maana machujio tunajenga na kuzindua, halafu mtu wa koleo hana mshahara.

Kwa anayepanga kwenda: ukumbi wa chini na ua wa Jumba la Jiji unaingia bure, na kituo cha treni ya chini kiko hapohapo, kinaitwa Rathaus. Kumbi za juu zina matembezi ya kuongozwa, ila siku za vikao na ugeni wa serikali hufungwa, kwa hiyo uliza kwanza. Ukiingia na mwongozaji mwombe akupe muda kwenye chumba cha yatima. Ukibaki na nusu siku nenda Ohlsdorf, makaburi makubwa yenye miti kama msitu, walikozikwa wale wa 1892, na ambako pia majivu ya Sayyida Salme, binti wa Sultani wetu aliyeolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, yamezikwa. Mimi sikufika, mvua ilinizuia. Kaltehofe nenda asubuhi, uvae viatu vya kutembea, na umwulize mtu wa pale akuonyeshe mlango wa kijumba cha bwawa, uone valvu ya chuma ambayo mfanyakazi aliifungua kwa mkono.